TAA INAYOWAKA CHUMBANI PASIPO MTU

Bila ya shaka unamkumbuka bibi yako, au kama hukumdiriki umehadithiwa habari zake, namna alivyokuwa akiitunza taa yake. Magharibi ikikaribia alikifuta kioo cha chemli kwa kitambaa, akaukata utambi kwa mkasi, kisha akaiwasha. Wageni wakiwapo aliupandisha utambi. Wageni wakiaga aliuteremsha. Na watu wa nyumbani wakienda kulala aliizima, isipokuwa pana mgonjwa au mtoto mchanga. Hapo aliacha mwanga mdogo, kiasi cha haja. Hakusomeshwa elimu ya nishati katika chuo chochote. Alijua tu kwamba mafuta hununuliwa kwa fedha, na kwamba taa inayowaka chumbani pasipo mtu ni israfu, na israfu haina baraka.

Leo napenda tuizungumze taa nyengine, ambayo imewekwa juu ya mapaa ya Kariakoo na wala mwanga wake hauonekani kwa macho. Taa hiyo ni mnara wa simu za mkononi. Mwanga wake ni mawimbi ya redio. Mafuta yake ni umeme wa TANESCO, na umeme ukikatika ni betri na dizeli ya jenereta. Inawaka usiku na mchana, soko likijaa na soko likifungwa. Swali letu ni hili: Je, taa hii nayo inaye mtu wa kuuteremsha utambi wake? Ili tupate jawabu iliyo sawa hatuna budi kurudi nyuma katika historia ya mji wetu wa Dar es Salaam, kwani tabia ya kutumia nguvu ovyo, au kuzitumia kwa hisabu, haikuanza na simu.

NGUVU ZISIZOHESABIWA

Mtambo wa kwanza wa kuupa mji umeme uliwekwa Dar es Salaam na Wajerumani mwaka 1908. Umeme huo ulikwenda katika karakana za reli na katika sehemu ya mji walimokaa Wazungu. Mwafrika aliuona kwa mbali tu. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wakauteka mji mwezi wa Septemba 1916, na mahali palipo Kariakoo leo pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, kile kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wapagazi hao walibeba vyakula na risasi kwa vichwa na kwa mabega katika misitu yetu, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Ulimi wetu ukaligeuza jina la kikosi chao, likawa Kariakoo.

Basi tafakari, ndugu msomaji. Mtaa huu mashuhuri, ambao sote tunakwenda kununua vitambaa, vyombo na vifaa vya harusi, umepewa jina la nguvu za binadamu zilizotumiwa bila ya kuhesabiwa. Hii ni alama ambayo haifai kusahauliwa.

Soko la Kariakoo lilianza kazi mwaka 1923. Mwaka 1931 kazi ya umeme ilitolewa mikononi mwa serikali ya kikoloni ikapewa makampuni mawili, DARESCO na TANESCO. Mwaka 1964, baada ya Uhuru, serikali yetu ilizinunua hisa, na hatimaye likabaki shirika moja la umma, TANESCO. Hata hivyo nyumba nyingi za Kariakoo, zile za vyumba sita zenye baraza mbele na uani nyuma, ziliendelea kwa miaka mingi na koroboi na chemli. Mafuta ya taa yalipimwa kwa kikombe, na kila tone lilikuwa na hisabu yake.

SOKO LENYE MIAVULI

Mwezi wa Desemba 1975 Rais Julius Nyerere alilifungua soko jipya la Kariakoo. Aliyelichora ni Beda Amuli, mmoja katika wasanifu majengo wa kwanza Waafrika wa Afrika ya Mashariki. Bwana huyu angeweza kujenga sanduku la saruji, akalifunga pande zote, kisha akalipoza kwa mashine za umeme. Hakufanya hivyo. Alisimamisha paa kama miavuli mikubwa ya zege. Miavuli hiyo ilitoa kivuli, upepo ukapita chini yake, hewa ya joto ikapanda na kutoka, na maji ya mvua yakakusanywa kwenda kwenye tangi lililo chini ya ardhi.

Soko hilo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na baadaye likafanyiwa ukarabati mkubwa. Lakini somo lake halikuungua. Somo lenyewe ni kwamba akiba kubwa ya nishati hupatikana siku ya kuchora, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Anayechora bila ya kufikiri huwaachia wenziwe kulipa bili miaka yote. Liweke somo hili moyoni, kwani tutalihitajia tutakapofika kwenye minara.

KUTOKA WAYA HADI HEWANI

Zamani simu ilikuwa ni waya. Shirika la Posta na Simu la Afrika ya Mashariki lilizihudumia nchi tatu mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na baada yake Tanzania ikaunda shirika lake. Mwaka 1994 shirika hilo nalo lilikuwa limegawanywa, na upande wa simu ukawa TTCL. Simu nyumbani lilikuwa jambo la wachache. Walakini simu ya waya ilikuwa na sifa moja njema: ilikula umeme kidogo sana, na huo kidogo ulitoka katika betri za kituo cha simu, ukapita katika waya ule ule uliochukua sauti. Ndiyo maana mtaa mzima ukiingia gizani, simu iliendelea kulia.

Simu ya mkononi ni jambo jengine kabisa. Sauti iliyo ndani ya waya ni kama maji yaliyo ndani ya bomba. Yanafika pale yanapotakiwa. Sauti iliyotupwa hewani ni kama ndoo ya maji iliyomwagwa uani ili kujaza kikombe kimoja. Kikombe kitapata tone lake, lakini ua mzima utalowa. Sehemu kubwa mno ya nguvu zinazotoka katika antena huishia katika kuta, mabati na miti, na ile inayoifikia simu yako ni chembe.

Wahandisi waliijua taabu hii mapema. Mwaka 1947 huko Marekani, Douglas Ring wa maabara za Bell alieleza rai ya kuugawa mji katika vijisehemu vidogo vilivyopangwa kama matundu ya sega la asali, na kila tundu likawa na mtambo wake mdogo. Kila tundu likaitwa seli, na rai hiyo ndiyo msingi wa simu zote za mkononi mpaka leo.

Hekima yake utaielewa ukienda Mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi. Muuzaji anayemwita mteja aliye ng'ambo ya Msimbazi hana budi kupiga ukelele mpaka mishipa ya shingo imsimame. Lakini mteja akiwa mbele ya meza yake, husema naye kwa sauti ya kawaida. Mawimbi ya redio nayo yana kanuni hiyo hiyo, tena kali zaidi. Umbali ukiongezeka mara mbili pahala peupe, nguvu inayofika hushuka hata robo. Na katika mji wenye majengo huweza kushuka hata sehemu moja ya 10 na chini ya hapo. Kwa hiyo anayesema kwa karibu hana haja ya kupiga kelele. Tuseme kwa mukhtasari kwamba kila hatua njema katika historia ya simu hizi imekuwa ni hatua ya kupunguza kelele.

MNARA HULA NINI?

Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza mwaka 1994. Na katika miaka hiyo hiyo mvua zilikuwa haba, maji ya bwawa la Mtera yalishuka, na nchi ilikuwa katika mgao wa umeme. Ni ajabu kwamba simu isiyoweza kuishi bila ya umeme ilizaliwa katika miaka ya giza! Vodacom ilifuata mwaka 2000, na Celtel, ambayo leo ni Airtel, mwaka 2001. Mgao mkubwa ulirudi mwaka 2006, ukarudi tena mwaka 2011. Kila uliporudi, mbele ya maduka ya Kariakoo palijaa ngurumo na moshi wa jenereta, na nyuma ya minara vile vile. Makampuni yalilazimika kuwa na mitambo miwili ya nishati kwa kazi moja, na gharama ya mtambo wa pili haikosi kumfikia mnunuzi wa vocha.

Sasa tuyatazame matumizi yenyewe. Simu iliyo mfukoni mwako hula umeme kidogo. Mlaji mkubwa katika mtandao mzima ni mitambo ya minara. Baina ya mwaka 2010 na 2012 wataalamu wa Ulaya, katika mradi ulioitwa EARTH, waliifanyia hisabu mitambo ya namna hiyo. Katika mfano wao, mtambo wa kawaida wa mnara mkubwa ukifanya kazi kwa ukomo wake ulichukua wati 1,300 na zaidi kidogo. Katika hizo, wati 120 tu ndizo zilizotoka kwenye antena. Nyengine zote ziligeuka joto katika amplifaya, yaani kile chombo cha kuyakuza mawimbi, na katika ubadilishaji wa umeme, na katika kukipoza chombo kilichopata joto.

Lakini lililo kubwa zaidi ni hili. Mtambo huo huo, pasipokuwa na mtu hata mmoja anayezungumza, uliendelea kula wati 780 hivi. Yaani zaidi ya nusu ya chakula chake ulikula ukiwa hauna kazi!

Ndugu msomaji, uchukue mfano huu uende nao Kariakoo. Mchana watu humiminika kutoka kila upande, wenyeji na wageni, wa mikoani na wa nchi jirani. Kila mmoja ana simu, anauliza bei, anatuma picha ya kitenge, analipa kwa simu. Minara imejengwa iweze kuubeba mchana huo. Jioni umati huo hurejea Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Tegeta. Ijapokuwa wako wanaofanya biashara usiku, saa 8 za usiku mawasiliano hayawi kama ya mchana. Pamoja na hayo, mnara uliochorwa kwa fikira za zamani huwaka karibu kama ulivyowaka adhuhuri. Hiyo ndiyo taa inayowaka chumbani pasipo mtu.

KUUTEREMSHA UTAMBI

Alhamdulillahi, dawa zipo, na baadhi yake zimekwisha kutumika.

Kwanza, ni kushirikiana. Zamani kila kampuni ilisimamisha mnara wake, na uzio wake, na jenereta yake, hata ukaona minara miwili au mitatu imepangana kama majirani wasiosalimiana. Mwaka 2010 Tigo, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Yas, ilikubaliana kuiuzia minara yake kampuni ya Helios Towers. Na Vodacom ikafanya hivyo mwaka 2013. Mnara ukiwa wa mwenye kukodisha, makampuni kadhaa hutundika antena zao hapo, na jenereta moja huwatosha.

Pili, ni kukipandisha chombo juu. Hapo zamani chombo cha redio kilikaa chini, katika kibanda chenye kiyoyozi, na nguvu zake zikapandishwa kwa waya mnene. Katika safari hiyo ya kupanda, hata nusu ya nguvu iliweza kupotea. Siku hizi chombo hufungwa juu, karibu na antena yenyewe. Upotevu wa waya huondoka, na upepo wa Bahari ya Hindi hukipoza bure. Hii si hekima ile ile ya miavuli ya Kariakoo ya mwaka 1975?

Tatu, ni kuelekeza. Antena ya zamani ilikuwa kama koroboi, mwanga wake ukatawanyika huku na huku. Mitambo mipya, khasa ya 5G, ambayo Vodacom iliianzisha nchini mwaka 2022, ina antena ndogo ndogo nyingi zinazofanya kazi pamoja, na mwanga wake ni kama wa kurunzi unaomfuata anayehitajia.

Nne, na hili ndilo la msingi, ni kulala. Mnara huwa na masafa kadhaa, kama nyumba yenye vyumba kadhaa. Usiku, wateja wakipungua, masafa mengine huzimwa na moja likaachwa macho. Mtu akipiga simu, lile lililo macho humpokea, na wakizidi watu huyaamsha yaliyolala. Katika 4G mtambo hulazimika kurudia alama zake za kujitambulisha takriban kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, kama mlinzi anayepiga filimbi bila ya kupumzika. Katika 5G alama hizo kwa kawaida hutolewa mara moja katika kila sehemu 20 za elfu ya sekunde. Baina ya filimbi na filimbi, mtambo hupata usingizi. Ni usingizi mfupi mno kwa binadamu, lakini kwa chombo cha umeme unatosha kuzima viungo vyake vingi. Lakini usingizi huu hauji wenyewe. Ni lazima mwenye mtambo auruhusu, na aghlabu huogopa kuuruhusu asije akalaumiwa.

Tano, ni jua na betri nzuri, khasa kwa minara ya vijijini isiyofikiwa na nyaya za TANESCO. Lakini mnara mlafi huhitaji uwanja mzima wa sola. Mwenye kupunguza ulaji kwanza, ndiye atakayeshiba kwa jua.

UMEME SASA UPO, YA NINI KUBANA?

Huenda mtu akasema: "Bwawa la Julius Nyerere limekamilika mwaka 2025, mitambo yake 9 ina uwezo wa megawati 2,115. Umeme upo tele. Ya nini kujibana?"

Tutamjibu kwa mambo matatu. La kwanza, bwawa hunywa mvua, na historia tuliyoisoma ya Mtera ni shahidi kwamba mvua haina mkataba na mtu.

La pili, wingi huzaa uchu. Mwaka 1865 Muingereza William Stanley Jevons alitambua kwamba mashine za mvuke zilipofanywa zile makaa kidogo, nchi yake ikatumia makaa mengi zaidi, kwa sababu mashine ziliongezeka. Na sisi, mwaka 2000 laini za simu za mkononi nchini zilikuwa kiasi cha laki moja. Mwaka 2023 zilikuwa zimepita milioni 60. Kila neno moja husafirishwa kwa nishati kidogo kuliko zamani, lakini maneno, na picha, na filamu vimekuwa bahari. Kwa hiyo chombo kizuri peke yake hakitoshi, ikiwa mwenye chombo hana kiasi.

La tatu, nalo ndilo linalotugusa majumbani. Umeme wa mtaa ukikatika, mnara huishi kwa betri zake. Mnara unaokula nusu, kwa betri zile zile, utaishi muda mara mbili. Siku hizi fedha za watu zimo katika simu tangu M-Pesa ilipoanza hapa mwaka 2008. Mgonjwa akizidiwa usiku katika Mtaa wa Pemba, teksi huitwa kwa simu, ndugu huarifiwa kwa simu, na hata fedha za dawa hutumwa kwa simu. Mnara ukifa saa 9 za usiku kwa kuwa uliyamaliza mafuta yake ukizungumza na vyumba vitupu, hasara haiwi ya kampuni peke yake. Akiba tunayoisema hapa ni uhai wa mtu.

LILILO JUU YETU

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi jambo la kwanza ni daftari. Makampuni yatutangazie mitandao yao hula umeme na dizeli kiasi gani kila mwaka, na wenye kusimamia mawasiliano wawaulize. Wahandisi vijana wanaosoma katika vyuo vyetu walifanye jambo hili somo lao, kwani nani mwengine anayejua jinsi Kariakoo inavyojaa na inavyomwagika, kuliko mtoto aliyekulia hapo?

Na sisi wenyewe tusijitoe. Filamu inayojichezesha simuni hali mwenye simu amelala, picha ile ile inayorushwa katika makundi 10 ya watu wale wale, vyote hivyo vinauamsha mnara ambao ungelala. Usiseme ni kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kina matundu mengi.

Ndugu msomaji, hakuna anayetaka mnara uzimwe kabisa. Bibi hakuizima taa nyumba ilipokuwa na mgonjwa. Aliuteremsha utambi, akaacha mwanga mdogo ukutani, na mkono wake ukawa karibu. Hivyo ndivyo tunavyotaka minara yetu iwe: ing'are wenye haja wakija, isinzie wakiondoka, na isizimike kabisa juu ya mwenye dhiki. Mtaa uliopewa jina la watu ambao nguvu zao hazikuhesabiwa unastahiki kuwa wa kwanza kuzihesabu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutumia neema zake kwa kiasi.